Nganya: wazo zuri linavuka mpaka wapi? Muziki, taa, skrini na alternata ya tatu ndani ya mwaka

#1 WayaMnene
Habari wanajukwaa. Naleta hoja, mnipinge kwa namba.

Nganya nyingi (matatu za Kenya zilizopambwa kwa rangi, taa na muziki) zinazoingia karakana kwa shida ya umeme zina dalili zilezile: alternata (kifaa kinachozungushwa na injini kuzalisha umeme) imebadilishwa mara mbili au tatu, betri zimevimba, muziki unakatika sauti ikipanda, taa za mbele zinafifia kila besi inapopiga. Mwenye gari huwa ameshaambiwa kwamba alternata aliyouziwa ni feki. Mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingi mzigo ndio umezidi.

Chukua Isuzu NQR ya abiria 33. Mfumo wake ni volti 24. Nyingi hutoka na alternata ya ampea 50 au 60, na hizo 60 unazipata injini ikizunguka kwa kasi. Gari likisimama kwenye foleni unabaki na nusu yake au pungufu, maana alternata inazunguka polepole, na feni yake ya kujipoza inazunguka polepole vilevile. Ndiyo maana inaungua gari likiwa limesimama kuliko likiwa linakimbia.

Sasa mzigo, vyote kwa upande wa volti 24:

Gari lenyewe (taa, feni, waipa, umeme wa injini): kama ampea 18.
Amplifaya za volti 12 zenye fyuzi za jumla ya ampea 300. Muziki haupigi kwa nguvu zote muda wote, kwa hiyo weka theluthi, ampea 100. Zikipitia konveta ya 24 kwenda 12 yenye ufanisi wa asilimia 85, zinakuwa karibu 59.
Televisheni sita za wati 50 kupitia inveta: karibu 13.
Taa za LED za utepe, mita 40, wati 14.4 kwa mita: wati 576, yaani karibu 25 ukihesabu na konveta.

Jumla ni kama ampea 115, na alternata kwenye foleni inatoa 30. Dai langu ni hili: mpaka ni alternata. Chochote isichoweza kukilisha gari likiwa limesimama, kimezidi.

#2 MdundoMzito
Hesabu nzuri, boss, ila umeweka theluthi ili ushinde. Wanaopima amplifaya kitaalamu hutumia sehemu moja ya nane ya nguvu zake kama wastani wa muziki wa kawaida. Weka moja ya nane, hizo ampea 100 zinakuwa 37 au 38. Halafu muziki hauchezi kutoka kwenye alternata, unacheza kutoka kwenye betri. Alternata inarudisha baadaye gari likishika barabara. Nganya ya Rongai, nje ya Nairobi, ina kipande kirefu cha kukimbia. Ongeza betri mbili, shida inaisha.

#3 WayaMnene
@MdundoMzito moja ya nane ni muziki ambao haujakatwa vichwa vya mawimbi, yaani amplifaya haijasukumwa kupita uwezo wake. Nenda stendi yoyote uangalie kile kitufe cha "gain" nyuma ya amplifaya kimefika wapi. Kimezungushwa mpaka mwisho, na redio nayo ipo kwenye sauti ya juu. Wimbi likishakatwa kichwa, wastani wa nguvu unapanda sana, na nyimbo zinazopigwa siku hizi zimebanwa tangu studio. Theluthi ni haki kabisa.

Kuhusu betri mbili za ziada: betri iliyolala chini ya nusu ni mzigo mwingine juu ya alternata. Gari likitoka kwenye foleni, alternata inalazimika kulisha muziki na kujaza betri nne kwa wakati mmoja, na inafanya kazi kwa uwezo wake wote dakika nyingi mfululizo. Dayodi za alternata zinafia hapo. Umehamisha kifo kutoka kwenye foleni, umekipeleka barabara kuu.

#4 FundiChunga
Nyote mnajadili mzigo na mmeruka kosa lenyewe. Kinachoua betri na alternata za nganya ni kuchukua volti 12 kutoka betri moja.

Betri mbili za volti 12 zimefungwa kwa mfuatano ili kupata 24. Fundi wa muziki ana amplifaya ya volti 12 na hataki gharama ya konveta kubwa. Anachomeka waya katikati, kwenye chanya ya betri ya chini (ile ambayo hasi yake iko kwenye chasisi). Muziki unapiga vizuri wiki ya kwanza.

Alternata inaona betri zote mbili kama kitu kimoja, inasukuma jumla ya volti 28 hivi. Betri ya chini inanyonywa na muziki, inashuka 12 au chini yake. Ile ya juu hainyonywi, na jumla lazima ifike 28, kwa hiyo inapanda hadi 16. Kwa volti 16 maji yanachemka, betri inavimba, inatoa haidrojeni. Cheche moja kwenye kichwa cha betri kilicholegea inatosha kuipasua. Huku ya chini inakufa kwa njaa. Mwenye gari anabadilisha zote mbili, mwezi wa tatu zinarudi hali ileile.

Kwa hiyo si wingi wa muziki. Hata sabufa mbili zikifungwa hivyo zitaua betri.

#5 Mgeni_Stendi
Asanteni kwa darasa. Naomba kueleweshwa: nitajuaje kama gari limefungwa hivyo bila kufungua kila kitu?

#6 FundiChunga
Mita ya kawaida inatosha, dakika kumi tu.

Washa injini, zima muziki, subiri dakika tano. Pima betri ya juu peke yake, kisha ya chini peke yake. Tofauti isizidi nusu volti. Washa muziki kwa sauti ya kazi, pima tena. Ya chini ikishuka na ya juu ikipanda, umepata jibu. Kisha fuata kwa macho waya mnene unaotoka katikati ya betri mbili. Pale panatakiwa kuwa na kiunganishi kimoja tu, cha betri kwa betri. Ukikuta waya mwingine, uliza unaenda wapi.

Tiba zipo tatu. Kwanza, konveta ya 24 kwenda 12 inayobeba ampea za kweli, si za kwenye stika. Pili, kisawazishi cha betri, ambacho kinahamisha chaji kutoka ya juu kwenda ya chini. Ila kikiwa cha ampea 60 na muziki unanyonya wastani wa 100, kitachelewa daima. Tatu, ambayo ni bora kwa muziki mkubwa: alternata ya pili ya volti 12 yenye bano lake, mkanda wake na betri zake, isiyogusa mfumo wa gari kabisa isipokuwa kwenye hasi.

#7 Konda_wa_Mbagala
Wakuu, huku Dar mambo ni madogo, ila nyongeza moja. Msiseme basi zote ni 24. Coaster nyingi za dizeli ni 24, Hiace ni 12. Fundi akizoea Hiace halafu akapewa Coaster, anafanya kosa la #4 bila kujua. Daladala zetu hazifiki huko kwenye televisheni sita, mistari ya rangi ya njia na maneno ya nyuma yanatutosha. Ila sabufa chini ya kiti cha nyuma zipo, na waya wake ni aibu.

Waya mwingi unaouzwa kama "shaba" ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini. Upinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba. Kutoka betri hadi nyuma ya basi ni mita 7. Shaba ya milimita mraba 21 ikibeba ampea 120 inapoteza karibu volti 0.7 kwenda tu. Milimita mraba 50 inapoteza kama 0.3. Ukitumia alumini zidisha tena. Kebo ya mashine ya kuchomelea ya milimita mraba 50, ikiwa ya shaba, inapindika vizuri, na bei yake inaeleweka kuliko ile yenye ganda la rangi ya kung'aa.

#8 FundiChunga
@Konda_wa_Mbagala umesema kweli, naongeza fyuzi. Iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Wengi wanaweka karibu na amplifaya. Pale inalinda amplifaya, hailindi zile mita saba za kebo zinazopita chini ya sakafu juu ya chuma chenye makali. Ganda likikatika, kebo inakuwa hita chini ya miguu ya abiria 33.

#9 BrekiKwanza
Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyetaja breki. Mnajadili alternata kama vile kuibadilisha ni kubadilisha balbu.

Kwenye injini kadhaa za Isuzu za dizeli, nyuma ya alternata kuna pampu ya vakyumu. Inapata oili kutoka kwenye injini na ndiyo inayonyonya hewa kwenye hidrovaki (kifaa kinachosaidia breki) ili pedali ya breki iwe laini. Sasa mtu ananunua alternata ya ampea 120 iliyotoka kwenye gari la aina nyingine, haina pampu nyuma. Anafunga, anaziba bomba la oili, anaziba bomba la vakyumu. Muziki unapiga, taa zinawaka, kila mtu anafurahi. Breki bado zipo, lakini bila msaada, na pedali inakuwa ngumu kama mti. Dereva anagundua akiwa amejaza na anashuka mteremko.

Mkiongeza, ongezeni alternata ya pili na mwache ya kwanza mahali pake. Na kama ni lazima kubadilisha, tafuteni yenye pampu, mpime mfereji wa oili wa kurudi usiwe umezibwa na silikoni. Kwa gari lenye breki za hewa tupu hili halihusu, lakini thibitisha kwa macho kwanza.

Kwangu mimi mpaka ni huu: urembo ukigusa breki, usukani au tairi, umevuka. Ampea zinafuata nyuma.

#10 WayaMnene
@BrekiKwanza asante kwa hili. Kwenye #1 niliandika kana kwamba alternata ni ya umeme tu. Nakubali.

Na mkanda pia. Alternata ya 28V ikitoa ampea 120 inazalisha kama kilowati 3.4. Ufanisi wake ni kama asilimia 55, kwa hiyo inataka zaidi ya kilowati 6 kutoka kwenye puli, yaani nguvu farasi 8 hivi. Mkanda mmoja wa V unateleza. Unasikia mlio asubuhi, fundi anaukaza zaidi, beringi ya pampu ya maji inakufa. Mikanda miwili, au mkanda mpana wenye mifereji mingi.

#11 MizaniYaBodi
Mpaka ni uzito. Nitaeleza kwa kilo, maana ampea hazionekani kwa macho.

Sabufa nane za inchi 12, kilo 10 kila moja: 80. Maboksi yake yanakula shiti tatu za MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) ya milimita 18, na shiti moja ni kama kilo 40: 120. Amplifaya nne: 24. Betri mbili za ziada za ukubwa wa N100: 50. Televisheni na mabano yake: 40. Bampa za chuma, ngazi za urembo, rimu pana, vioo vya ndani: weka 60 kwa upole. Tumefika kilo 374. Hao ni watu wazima watano ambao hawalipi nauli na hawashuki.

Kibaya zaidi ni mahali panapowekwa. Kilo 250 zikikaa mita 1.8 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari lenye mita 4.2 kati ya ekseli, hazikai kama 250. Zinaongeza kama 357 kwenye ekseli ya nyuma na kuinua 107 kutoka mbele. Usukani unakuwa mwepesi, tairi za mbele zinashika vibaya kwenye lami yenye maji. Halafu mwenye gari anaona limelala nyuma, anaongeza jani la springi. Sasa gari linaruka, skrini zinapasuka kwenye sehemu zilizochomelewa kwa risasi, na mnasema televisheni zilikuwa feki.

MDF yenyewe haifai kwenye matatu. Gari linaoshwa ndani kila usiku kwa maji. MDF inanywa maji, inavimba chini, skrubu zinatoka. Plaiwudi nzuri ya milimita 18, kingo zipakwe vanishi au resini ya faiba, boksi liinuliwe sentimita tatu kutoka sakafuni.

#12 MdundoMzito
@MizaniYaBodi tumekaribishwa kwenye ngoma, wewe umekuja na mizani! Lakini hoja ya plaiwudi naichukua, na ya kukaa nyuma pia.

#13 SautiSafi
Naomba niulize upande wa pili: hizo sabufa nane zinasikika na nani?

Ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3. Ili sikio liseme "imekuwa mara mbili" unahitaji karibu desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kutoka sabufa mbili hadi nne, na nguvu mara mbili, unapata 6. Kutoka nne hadi nane, 6 nyingine. Kila hatua bei inaongezeka maradufu na sikio linapata kilekile.

Pia ndani ya basi kuna mawimbi yanayosimama. Nafasi ya ndani ikiwa mita 6, wimbi la kwanza linasimama kwenye hezi 28 au 29, la pili 58 hivi. Sabufa zote zikiwa ukuta wa nyuma, la kwanza linakufa katikati ya gari na la pili linakufa kwenye robo ya mbele na robo ya nyuma. Abiria wa nyuma anapigwa kifuani, wa katikati analalamika muziki hauna besi, fundi anaongeza sabufa nyuma. Shimo la katikati linabaki palepale.

Gawanya. Sabufa mbili nyuma, mbili mbele nyuma ya kiti cha dereva, zote zisukume kwa mwelekeo mmoja wa umeme. Ncha mbili zikisukuma pamoja, wimbi la kwanza linajifuta. Sabufa nne hivyo zinashinda nane za nyuma kwa abiria wengi, na @MizaniYaBodi anapata mizani yake.

Boksi lenye tundu kwa inchi 12: lita 50 hadi 57 za hewa safi kwa kila sabufa, lilengwe hezi 33 hadi 36. Lita hizo ni baada ya kutoa ujazo wa sumaku na wa tundu lenyewe. Boksi likibanwa hadi lita 30 na bado likapewa tundu, koni inaruka ovyo na koili inaungua.

#14 Mgeni_Stendi
Na hili la omu, yaani upinzani wa sabufa kwa amplifaya? Fundi mmoja anasema moja, mwingine mbili.

#15 SautiSafi
Sabufa yenye koili mbili za omu 4: ukizifunga sambamba ni omu 2. Mbili kama hizo zikifungwa sambamba tena ni omu 1. Amplifaya iliyoandikwa mwisho omu 2 ikipewa 1 itapiga kwa kelele nzuri sana mpaka joto lifike. Soma nyuma ya amplifaya, na usome fyuzi zake pia: amplifaya yenye fyuzi mbili za 40 haiwezi kutoa wati 3000, hata iandike nini. Ampea 80 mara volti 13.8 ni 1104, na amplifaya ya aina iitwayo daraja D itakupa kama asilimia 80 ya hizo. Daraja AB, nusu au zaidi kidogo.

#16 RangiNaBrashi
Mnapiga magari yetu kana kwamba kila kitu cha nganya ni uzito na moto. Rangi je? Huko ndiko wazo linaweza kwenda mpaka mwisho bila kumuumiza mtu.

Utamaduni huu ni wa zamani. Manyanga za miaka ya 1990 zilikuwa na michoro kabla ya sheria za waziri wa uchukuzi John Michuki za mwaka 2004 kuleta mstari wa njano, mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Michoro ilibanwa, ikarudi kwa nguvu baada ya serikali kulegeza mwaka 2014. Neno nganya lenyewe husemwa limetokana na manyanga.

Kazi ya rangi ikifanywa vizuri ina kilo chache. Msasa wa 400 kwa maji, kisha 600 au 800, futa mafuta yote, rangi ya msingi, mchoro kwa brashi ya hewa kwa tabaka jembamba, kisha vanishi ya vipande viwili, mapito mawili au matatu, dakika kumi hadi kumi na tano kati ya kila pito. Vanishi ikimwagwa nene mara moja inatokwa na vishimo vya kuchemka. Ikipigwa juu ya mchoro usiokauka, mchoro unakunjamana.

Ninachokikataa ni stika za kuziba vioo. Dirisha la dharura likifunikwa, abiria aliye ndani hajui lilipo na aliye nje hajui pa kuvunja. Hapo nami nasema imezidi.

#17 MamaNauli
Salaam. Nasoma kwa upande wa mwenye gari. Mnasema zimezidi, lakini kijana stendini anaacha gari tupu lililo kimya, anangoja nganya. Gari lisilo na muziki linajaza mwisho. Kwa hiyo hakuna anayezidisha kwa kupenda. Jirani akiweka skrini nne, wewe unaweka sita. Mpaka hauko kwenye gari, uko kwenye njia. Njia nzima ingekubaliana sabufa nne, sote tungelala.

Swali langu: huu umeme unakula dizeli kiasi gani?

#18 MdundoMzito
Shikamoo Mama. Ni kidogo. Kilowati 3.2 za umeme, kama lita 0.9 kwa saa.

#19 WayaMnene
Hapana, @MdundoMzito, umesahau hasara ya alternata yenyewe. Kilowati 3.2 za umeme zinataka karibu 5.8 kwenye puli. Kwa gramu 250 za dizeli kwa kilowati-saa ni lita 1.7 hivi kwa saa, na gari likiwa limesimama injini inatumia vibaya zaidi ya hapo.

Ila Mama, hiyo ni kwa alternata inayoweza kutoa ampea 115. Ya ampea 60 haiwezi kula zaidi ya uwezo wake. Ikifanya kazi yote ni kama lita 0.9 kwa saa, na tofauti inalipwa na betri. Kwa hiyo gharama ipo, unailipa ama kituo cha mafuta ama duka la betri.

Akiba ya haraka kwako ni taa. Zile mita 40 za utepe ni ampea 25, karibu mara mbili ya televisheni zote sita. Utepe wa wati 4.8 kwa mita unatosha ndani ya gari usiku, unashuka hadi ampea 8 hivi, na abiria hataona tofauti.

#20 MamaNauli
Marahaba. Hilo la taa nitalifanyia kazi wiki hii.

#21 Msafiri_Long_Beach
Natoa mada kidogo nje ya njia, mnisamehe. @MamaNauli kasema mpaka uko kwenye ushindani. Kuna sababu nyingine: katazo.

California, tarehe 1 Januari 1958, sheria ya magari kifungu cha 24008 ilianza kukataza gari lenye sehemu iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Vijana wenye asili ya Meksiko walikuwa wanashusha magari kwa kukata springi na kubeba mifuko ya saruji. Mwaka 1959 Ron Aguirre akafunga pampu za haidroliki zilizotoka kwenye ndege kwenye Corvette yake: polisi akitokea, gari linapanda, akipita, linashuka. Wazo lilikuwa la kukwepa faini tu. Baadaye likawa gari linaloruka juu, betri 6, 8, 10 kwenye buti, chasisi imechomelewa vyuma ili isipasuke. Gari halibebi tena mzigo wowote isipokuwa betri zake.

Na Japani malori ya dekotora yalishamiri miaka ya 1970, taa na kromu mpaka huoni lori.

#22 Konda_wa_Mbagala
Mkuu, na lile limuzini la mita 30 la mwaka 1986 lenye bwawa?

#23 Msafiri_Long_Beach
Lilianza fupi, ndugu. American Dream ya Jay Ohrberg ilijengwa 1986 huko Burbank ikiwa na mita 18.28 na magurudumu 26. Alilirefusha baadaye. Likaachwa likaoza, likakarabatiwa Florida, na tarehe 1 Machi 2022 likapimwa mita 30.54. Lina bwawa na kituo cha helikopta. Barabarani haliendi, haliwezi kukata kona ya mtaa.

#24 BrekiKwanza
Hilo haliniudhi hata kidogo. Halibebi abiria wa kwenda kazini. Nganya inabeba, ndiyo tofauti yote. Mwacheni mtu afanye anachotaka na gari la maonyesho.

#25 SautiSafi
Turudi nyumbani basi, kwa masikio. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 100 ni dakika 15. Abiria anashuka baada ya dakika arobaini. Konda na dereva wako ndani tangu alfajiri hadi usiku. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, lakini konda hangoji kanuni. Tuita (spika ndogo za sauti nyembamba) mbili zilizo juu ya mlango, pale pale kichwa chake kilipo, zihamishwe. Besi haiharibu sikio haraka kama zile tuita. Kwangu mpaka ni sikio la konda.

#26 MizaniYaBodi
Tuna mipaka mitano sasa: alternata, breki, kilo, njia, sikio. Bado kiwango cha Kenya cha bodi za magari ya abiria, KS 372, hatujakigusa, na pale ndipo kuna maswali ya mlango wa dharura na upana wa njia kati ya viti. Maboksi yaliyojaa kwenye njia ya kupita ni mada ya peke yake.

#27 FundiChunga
Na waya wa katikati, ndugu. Usiusahau, ni wa sita.

#28 Mgeni_Stendi
Wakubwa, vipimo hivi hapa, NQR, muziki kwa sauti ya kazi. Barabarani: betri ya juu 15.6, ya chini 11.9. Gari limesimama dakika ishirini, muziki unaendelea: ya juu 13.1, ya chini 11.2. Alternata iliyopo ni ya ampea 90, ilifungwa mwezi uliopita. Taa za utepe mita 30.

#29 FundiChunga
15.6 kwa 11.9! Kamili kama #4. Mtu amechukua volti 12 katikati. Kata waya huo leo, na usiwashe sigara karibu na betri ya juu.

#30 WayaMnene
Na gari likisimama jumla yako ni 24.3. Alternata nzima haiwezi kuruhusu mfumo ushuke hapo kama mzigo ni wa haki. Hata ukitoa waya wa katikati ukaweka konveta, bado utashuka, kwa sababu konveta nayo inakula. Punguza mzigo kwanza. Zima taa za utepe, pima tena ukiwa umesimama, ulete namba.

#31 MdundoMzito
Au betri ya chini imeshakufa kwa sababu ya #29 na ndiyo inayovuta jumla chini. Ichaji peke yake usiku kucha, iache saa sita bila kazi, pima. Chini ya 12.4, namba zako zote ni za betri mbovu, hazisemi lolote juu ya mzigo.

#32 BrekiKwanza
Kabla hujakata waya wowote, @Mgeni_Stendi: alternata ya ampea 90 iliyofungwa mwezi uliopita, ina pampu ya vakyumu nyuma? Kama hukuangalia, fanya hivi gari likiwa tambarare na magurudumu yamewekewa mawe. Zima injini. Kanyaga breki mara tano hadi pedali iwe ngumu. Shikilia mguu pale pale, washa injini. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, vakyumu ipo. Isipozama, gari hilo lisipakie mtu kesho asubuhi. Ujibu hapa usiku huu.